Kuchagua Programu ya Tovuti Yako, na Kuitengeneza Inapoharibika

Mwaka huu wenzangu wengi wa darasa la mwisho wameniuliza swali moja: Nitumie programu gani ili niwe na tovuti yangu mwenyewe, nipate kuandika humo mambo yangu? Wazee wetu wawili waliokwisha kuondoka shuleni wameniuliza vivyo hivyo kwa barua. Nimeona yafaa niwajibu wote mara moja katika gazeti letu. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa habari hizi zimejaa tele katika Kiingereza, lakini katika Kiswahili ni chache. Tena tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi yetu pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, na sisi wa Rusizi tulikuwa tukikisema sokoni Kamembe na ng'ambo kule Bukavu kabla ya sheria hiyo.

Kwanza hapana budi tutenganishe mambo matatu ambayo watu wengi huyachanganya. Kuna jina la tovuti, ambalo msomaji huliandika ili akufikie. Majina yanayoishia na .rw husimamiwa na RICTA kule Kigali, nawe hulikodi kwa mwaka, hulinunui moja kwa moja. Kuna nafasi, yaani sehemu katika seva ya kampuni fulani ambamo maandishi yako yanakaa mchana na usiku. Na kuna programu, ambayo huyapanga maandishi hayo yawe kurasa zenye vichwa, tarehe na picha. Mtu anaweza kubadilisha moja ya hayo matatu bila kugusa mengine. Asiyejua jambo hili, akikasirikia programu yake huenda akaacha jina lake zuri pamoja nayo, naye hakuwa na haja ya kuliacha.

Programu za namna hii si ngeni. Blogger ilianza mwaka 1999, na Google ikainunua mwaka 2003. Movable Type ilitoka mwaka 2001, ikapendwa sana. Mfaransa mmoja, Michel Valdrighi, alitunga nyingine iliyoitwa b2, kisha akaiacha kuishughulikia. Mwaka 2003 Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza waliichukua kazi hiyo iliyoachwa, wakaiendeleza, nayo ndiyo WordPress ya leo. Waliweza kufanya hivyo bila kuomba ruhusa, maana leseni ya b2 ilimruhusu kila mtu kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Mwaka uliofuata, 2004, wenye Movable Type walibadilisha masharti yao, na watu wenye tovuti nyingi wakaona watatakiwa kulipa fedha ambazo hawakuzitazamia. Wengi wakahama, wakaenda WordPress. Leo zaidi ya tovuti 40 katika kila 100 duniani zinatumia programu hiyo.

Katika Afrika Mashariki watu hawakungoja. Mtanzania Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika blogu kwa Kiswahili, katika miaka ya mwanzo ya 2000, naye akaiita Jikomboe. Nchini Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh alikuwa akiandika habari za machafuko katika tovuti yake, na mapema Januari 2008 akauliza kama wako mafundi wawezao kutengeneza ramani ya mambo yale. Katika siku chache wakaitengeneza, wakaiita Ushahidi, kisha wakaitoa bure programu yake kwa dunia nzima. Kwa hiyo mtu asituambie ati mambo haya ni ya watu wa mbali.

Sasa, kabla ya kuuliza programu ipi ni nzuri, uliza hivi: Nikitaka kuondoka, nitatokaje na maandishi yangu? Mimi huliona swali hili kuwa kubwa kuliko mengine yote. Mamilioni ya watu walijenga kurasa zao katika GeoCities. Mwaka 2009 wenyewe wakaifunga. Posterous ilifungwa tarehe 30 Aprili 2013. Waliokuwa na nakala walihamia kwingine. Wasiokuwa nazo walibaki na kumbukumbu tu. Blogger hukuruhusu kutoa maandishi yako yote katika faili moja, na WordPress pia, lakini angalia: faili ile ya WordPress hubeba maneno pamoja na anwani za picha, haibebi picha zenyewe. Picha sharti uzichukue kwa mkono.

Nitawaeleza kwa nini jambo hili lanishika. Katika tovuti yangu nakusanya maneno ya wavuvi wa kisiwa cha Nkombo. Watu wa kule husema Amahavu, ambayo si Kinyarwanda. Wavuvi wanaovua isambaza usiku kwa taa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wana maneno yao ya sehemu za wavu, ya pepo, ya namna mwezi unavyoharibu kazi, na nyimbo za kupigia kasia. Samaki hao wenyewe ni wageni: waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Basi maneno mengine ni ya jana, na mengine ni ya zamani sana, na wanaoweza kuyatofautisha ni wazee. Mmoja wa wazee walionisomesha maneno hayo alifariki mwaka jana. Hakuandika kitu. Maneno yake yako katika daftari langu, na katika tovuti hiyo, basi. Mtu mwenye kazi ya namna hii hachagui programu kwa kupenda rangi zake.

Programu zote hizi, kwa desturi ya kazi yao, ni za namna mbili. Fikirini wauza mandazi wawili. Mmoja huwasha moto kila mteja anapokuja, akakanda, akachoma, akatoa likiwa moto. Mwingine huamka alfajiri, akachoma yote, akajaza ndoo, na mteja akija humpa tu. WordPress ni yule wa kwanza. Kila msomaji anapofungua ukurasa, seva huendesha programu iliyoandikwa kwa lugha ya PHP, nayo huuliza maneno katika hifadhidata, ikaunga ukurasa pale pale. Kwa sababu hiyo ina nguvu: waweza kuandika kutoka simu yako ukiwa Bugarama, ukapokea maoni ya wasomaji, ukatafuta neno. Lakini ina vitu vingi vya kuharibika, na usipoisasisha wezi huingia.

Wa pili ni programu kama Jekyll, iliyotoka mwaka 2008, na Hugo, iliyotoka mwaka 2013. Wewe huandika katika faili za maandishi matupu katika kompyuta yako, programu huzigeuza zote kuwa kurasa zilizo tayari, nawe huzipeleka katika seva. Huko hakuna hifadhidata wala PHP, wala mlango ambao mwizi ataujaribu usiku. Nafasi yaweza kuwa bure: GitHub Pages huruhusu tovuti ya kadiri ya gigabaiti 1, nayo ni nafasi kubwa mno kwa mtu anayeandika maneno. Jambo jema kuliko yote ni kwamba maandishi yako ya asili yako nyumbani. Kampuni ikifungwa kesho, wewe una kila kitu katika flashi mfukoni. Ubaya wake ni kwamba wahitaji kompyuta, na hapa shuleni tunagawana. Kwa simu tupu kazi hiyo ni taabu.

Shauri langu basi ni hili. Mwenye simu tu, aanze na Blogger au na WordPress iliyo katika seva za wenyewe, maana kuandika leo ni bora kuliko kungoja kompyuta ya mwaka kesho; ila atoe nakala kila mwezi. Mwenye kompyuta, hata ya zamani, na kazi yake ni kuandika na kuweka picha chache, namwambia Hugo. Anayetaka duka, au maoni mengi, au waandishi kumi, atumie WordPress katika nafasi aliyoikodi, naye awe tayari kuwa fundi. Wako wanaosema kila mtu atumie WordPress kwa sababu wengi wanaitumia. Mimi sioni kuwa hiyo ni hoja. Mimi nilianza na WordPress, na sasa nimehamia Hugo, na sababu nitaieleza nikifika kwenye matengenezo.

Tovuti isipofunguka, jambo la kwanza ni kujua ugonjwa uko wapi, kabla ya kugusa kitu. Sisi wa mpakani tuna bahati ambayo mtu wa Kigali hana. Nampigia simu ndugu yangu aliyeko Bukavu, ambaye hutumia mtandao wa Kongo, namwambia: Fungua ukurasa wangu. Akiuona, tovuti ni nzima, ugonjwa uko upande wetu. Asipouona naye, ndipo naanza kuitazama seva. Mara nyingine ugonjwa uko mbali sana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikapata intaneti dhaifu. Bila shaka siku ile wako waliofuta na kuweka upya programu zisizo na kosa lo lote.

Kuna ugonjwa mwingine unaoonekana wa ajabu. Kompyuta inakuambia kwamba kila tovuti, hata zile kubwa, si salama, na cheti chake hakifai. Tazama saa ya kompyuta. Katika mashine za zamani kuna betri ndogo ya mviringo, CR2032, inayotunza saa wakati umeme haupo. Ikifa, mashine huamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita, na vyeti vyote vinaonekana havijaanza kazi. Rekebisha tarehe, na ukipata fedha kidogo nunua betri. Lakini ikiwa ni tovuti yako peke yake inayolalamikiwa, basi huenda cheti chako kimekwisha kweli. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt vimekuwa kwa desturi vya siku 90, navyo hujifanya upya vyenyewe. Kazi hiyo ikikwama, wasomaji wako watakuambia kabla hujajua.

Sasa WordPress yenyewe. Ukiona ujumbe kwamba imeshindwa kuungana na hifadhidata, maandishi yako kwa kawaida hayajapotea. Tazama faili ya wp-config.php kama jina la hifadhidata, mtumiaji na neno la siri ni sawasawa na yale uliyopewa na mwenye seva. Yakiwa sawa, muulize mwenye seva kama hifadhidata yake inafanya kazi. Ukurasa wa kwanza ukifunguka lakini kurasa nyingine zikisema hazipo, mara nyingi ni faili ya .htaccess iliyoharibika au kufutwa. Ingia katika mipangilio ya viungo vya kudumu, usibadilishe kitu, bonyeza kuhifadhi tu, nayo itaandikwa upya.

Ugonjwa unaotisha zaidi ni ukurasa mweupe usio na neno hata moja. Huu ulinipata mimi mwaka jana katika wiki ya mitihani. Kampuni niliyokodi kwake nafasi ilibadilisha toleo la PHP usiku, bila kutuma barua. Toleo la 8, ambalo lilitoka Novemba 2020, liliondoa baadhi ya amri za zamani, mathalani each na create_function, na programu moja ya nyongeza iliyokuwa ikipanga maneno yangu kwa alfabeti ilikuwa bado inaziita amri hizo. WordPress haikuwa na kosa. Nyongeza ndiyo iliyoanguka, ikaangusha nyumba nzima. Neno la yule mzee wa Nkombo na sauti yake vikawa nyuma ya ukurasa mweupe.

Dawa yake ni hii, na yafaa muikate mwihifadhi. Kwanza tazama barua pepe yako: tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress hujaribu kumtumia mwenye tovuti kiungo maalumu cha kuingilia wakati wa hatari. Usipokipata, ingia katika faili za seva, fungua folda ya wp-content, na humo ibadilishe jina folda ya plugins, iite plugins-zamani. Usiifute. WordPress isipoziona nyongeza hizo itazizima zote, na tovuti itafunguka. Kisha rudisha jina la kwanza, uwashe nyongeza moja moja mpaka umkamate mwenye kosa. Kama ukurasa ni mweupe hata baada ya hayo, fanya vivyo hivyo kwa folda ya vazi, yaani mapambo ya tovuti. Wala usikisie kama waweza kusoma: katika wp-config.php washa WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG, uzime WP_DEBUG_DISPLAY ili wageni wasione uchafu wa ndani, na makosa yote yataandikwa katika faili ya debug.log pamoja na jina la faili na namba ya mstari. Mimi nilimpata mwenye kosa katika dakika 20. Lakini nyongeza hiyo mtungaji wake alikuwa ameiacha miaka mingi, na hapo ndipo nilipoamua kuhama.

Kuhama nako kuna mambo yake, na hili lihusulo lugha zetu sijaliona likielezwa popote. Ni alama ya king'ong'o, ile tuiandikayo katika ng'ombe na ng'ambo. WordPress huigeuza iwe iliyopinda anapoisoma mtu. Hifadhidata ya zamani ikihamishwa kwa mpango mbaya wa herufi, alama iliyopinda hugeuka kuwa herufi tatu za ajabu, na ng'ombe akasomeka kama kitu kilichokanyagwa na gari. Kinyarwanda huumia zaidi, kwa kuwa alama hiyo imo karibu katika kila sentensi, kama tusemapo n'abandi. Hakikisha hifadhidata na faili za nakala zote ni za utf8mb4, ambayo WordPress imeitumia tangu toleo la 4.2 la mwaka 2015. Ukiona uharibifu, usiyasahihishe maneno moja moja kwa mkono. Rudia kuhamisha kutoka nakala safi.

Katika Hugo alama hiyo hiyo huleta shida ya namna nyingine. Juu ya kila faili huandikwa kichwa cha habari na tarehe. Ukikifunga kichwa kwa alama moja moja, kisha ndani yake mna neno ng'ambo, programu hudhani kichwa kimekwisha baada ya ng, nayo hukataa kujenga tovuti nzima. Tumia alama mbili mbili za kufungia. Nukta mbili katika kichwa kisichofungwa huleta kosa kama hilo. Na habari isipoonekana kabisa, ingawa hakuna kosa lililotajwa, tazama kama imeandikwa draft: true, maana hiyo ni rasimu na haitolewi. Kisha tazama saa. Hugo haitoi habari yenye tarehe ya mbele, na saa isiyotajwa eneo lake huihesabu kuwa ni ya Greenwich. Sisi tuko mbele kwa saa 2. Habari uliyoiandika saa nne asubuhi hapa, kwake bado haijazaliwa mpaka saa sita. Andika +02:00 mwishoni mwa saa, nayo itatoka.

Picha nitazitaja upesi. Picha ya simu yaweza kuwa megabaiti 4, na msomaji wa Nkombo analipia kila megabaiti. Ipunguze upana uwe pikseli 1,200, nayo itashuka chini ya robo ya megabaiti bila mtu kuona tofauti.

Wale mnaotaka kuweka majina, picha na simu za watu, kumbukeni kwamba Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021. Mimi huwauliza wazee wa Nkombo kabla ya kuandika, na wawili walikataa kutajwa, nami nikaandika maneno yao bila majina.

Mwisho, neno kwa wenzangu tutakaotoka pamoja mwezi wa Julai. Anwani ya barua pepe ya shule hufungwa baada ya mtu kuondoka. Kama jina la tovuti yako, nafasi yake au neno la siri vimeandikishwa kwa anwani hiyo, vihamishe sasa, wakati bado waweza kupokea barua ya kuthibitisha. Andikeni pia tarehe ya kulipia jina katika karatasi, si katika simu ile ile inayoweza kupotea. Nakala za tovuti yangu ziko tatu: moja katika seva, moja katika flashi nyumbani Kamembe, na moja nimeipiga chapa, kurasa 61, nikampa mwalimu wa maktaba. Iko rafu ya chini karibu na dirisha. Wazee wetu mliotoka Nkombo, mkipita shuleni isomeni, na mkiona neno limeandikwa vibaya lisahihisheni pembeni kwa kalamu ya risasi.